Sura Isiyo na Jina: Uchoraji wa Sura za Watu na Umma wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Utangulizi

Katika mijadala yetu juu ya utamaduni huzuka mara kwa mara swali hili: tufanye nini ili uchoraji wa sura za watu upendwe na umma? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa haraka. Husemwa kwamba wananchi hawajaelimika kuhusu sanaa. Kwamba yajengwe majumba ya maonyesho. Kwamba wachoraji wapewe mikopo. Kwamba watu wafundishwe kuthamini picha. Majibu hayo yote yana kasoro moja ya msingi. Yanachukulia kwamba upungufu uko kwa wananchi, na kwamba sanaa yenyewe haina la kuulizwa.

Makala hii inashika msimamo ulio kinyume. Kada anayetaka kujua kwa nini sanaa fulani haijaenea hana budi kuuliza kwanza: sanaa hiyo inamchora nani, kwa ajili ya nani, na nani anaihukumu? Tutatazama mfano wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, nchi ya Wamatengo, Wanyasa, Wamanda na Wampoto, iliyo mbali na maduka ya picha ya Dar es Salaam. Sehemu kama hiyo ndiyo inayofaa kupima nadharia, kwa sababu huko sanaa haina mtalii wa kuibeba. Ikisimama, itakuwa imesimama kwa miguu ya wananchi wenyewe.

1. Je, wananchi hawapendi picha za sura?

Tuanze na ukweli wa maisha. Katika mazishi, huku kwetu na kwingineko nchini, mara nyingi hutangulia mbele ya jeneza mtu aliyebeba picha ya marehemu katika fremu, na mwingine aliyebeba msalaba wenye jina lake. Sura na jina huenda pamoja hadi kaburini, kisha picha hurudishwa nyumbani na kutundikwa sebuleni. Familia isiyo na picha nzuri huhangaika. Hutafuta picha ndogo ya kitambulisho ikuzwe, hata kama itatoka na ukungu.

Tutazame pia vibanda vya vinyozi. Katika miji yetu mingi, kinyozi humwita fundi wa kuandika mabango amchoree vichwa vya watu ukutani, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Tutazame khanga na fulana za maadhimisho zenye sura ya Mwalimu, ambazo akina mama huzitunza sandukuni kwa miaka. Tutazame noti ya shilingi 1000, ambayo imepita katika kila kiganja ikiwa na sura hiyo hiyo.

Basi haiwezekani kusema kwamba umma hauipendi picha ya sura. Umma unaipenda, unaigharimia, na unailia. Ambacho hauna ni mchoraji anayeuona kuwa unastahili kuchorwa. Hapo ndipo ulipo mgogoro, na mgogoro huo una historia.

2. Sura za mwambao chini ya ukoloni

Kati ya mwaka 1897 na 1900, daktari wa jeshi la Wajerumani aitwaye Friedrich Fülleborn alizunguka katika nchi za Ziwa Nyasa. Aliwapima watu vichwa na viungo, akawapiga picha. Mwaka 1902 alitoa kitabu juu ya maumbile ya watu wa kaskazini ya Nyasa, na mwaka 1906 akatoa Berlin kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma na watu wake, pamoja na mkusanyiko wa picha. Hizo ni miongoni mwa picha za awali kabisa za sura za watu wa nchi hii.

Lakini zilikuwa picha za namna gani? Elimu ya aina ile haikumtaka mtu. Ilitaka mfano wa kabila. Aliyesimamishwa mbele ya kamera alisimamishwa ili awakilishe umbo la pua au la fuvu, kama vile mtu anavyokusanya majani makavu ya mimea. Bibi ya nani huyu, alilima wapi, alijulikana kwa lipi, hayo hayakuwa maswali ya daktari. Sura ilichukuliwa, mwenyewe akaachwa.

Mwaka ule ule wa 1906 kitabu hicho kilipotoka, huko Songea viongozi wa Vita vya Majimaji walikuwa wananyongwa. Miongoni mwao alikuwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake. Wazao wake wamesema kwa miaka mingi kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho.

Msomaji atauliza: haya yanahusu nini na uchoraji? Yanahusu sana. Ukoloni ulipotaka kumvunja mtu ulishika mambo mawili: sura na jina. Kwa mtu wa mwambao ulichukua sura ukatupa jina. Kwa Nduna Songea ulishindwa kulifuta jina, ukakiondoa kichwa. Kwa hiyo, mbele ya watu wa Ruvuma, kuchora sura ya mtu na kuandika chini yake jina lake kamili si pambo la sebuleni. Ni kurudisha kile kilichotenganishwa. Sanamu za viongozi wa vita zilizosimama katika uwanja wa makumbusho ya Songea zilifanya kazi hiyo kwa viongozi. Swali lililobaki ni la wakulima na wavuvi.

3. Kasoro mbili za siku zetu

Baada ya uhuru tulirithi ukuta mtupu, na katika ukuta huo zimetundikwa picha za aina mbili.

Aina ya kwanza ni picha ya ofisini. Kila ofisi ya umma ina picha ya Rais aliyeko madarakani, na mara nyingi ya Baba wa Taifa pembeni yake. Jambo hilo ni la haki, maana dola hujitambulisha. Kosa huanza pale ambapo ukuta huo unakuwa ndio ukuta wote. Mtoto anayeingia katika ofisi ya kijiji, katika zahanati, katika shule na katika ghala la ushirika, na kila mahali akaona kwamba wanaostahili kuwekwa kwenye fremu ni viongozi wakuu peke yao, hujifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha. Hujifunza kwamba historia hufanywa na watu wachache walioko mbali.

Aina ya pili ni picha ya sokoni kwa watalii. Huko tunakuta “Mmasai”, “mzee wa Kiafrika”, “mama mwenye mtungi”. Uso umechorwa kwa ustadi, wakati mwingine ustadi mkubwa, lakini haukuwa uso wa mtu yeyote. Mnunuzi hataki kujua jina, na mchoraji naye hakuliuliza. Hapa hapana budi tuseme wazi: picha ya namna hiyo ni ndugu wa picha ya Fülleborn. Daktari alitafuta mfano wa kabila ili aupime. Mtalii anatafuta mfano wa kabila ili autundike. Katika hali zote mbili, mtu mwenyewe hayumo. Hatuwalaumu wachoraji wanaotafuta riziki, kwani wao nao ni wavujajasho. Tunalaumu mpango wa soko unaowalipa kwa kufuta majina.

Hatari hii sasa inakaribia ziwani. Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, na barabara ya lami sasa inashuka kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay. Wageni watakuja, na ni vizuri waje. Lakini wakikuta hatujawachora watu wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay kwa majina yao, watatuletea haja ya “mvuvi wa Nyasa” asiye na jina, na vijana wetu watajifunza kumchora huyo.

4. Hoja tatu za wapinzani

Hoja ya kwanza: kuchora sura ni sanaa ya kigeni, na umma hautaipokea. Hoja hii inakanushwa na ngoma za mwambao wenyewe. Mganda ulitokana na gwaride la askari wa wakoloni. Wanaume wa mwambao wa Nyasa walichukua mistari ya gwaride, sare na vyeo, wakavitia katika ngoma yao na mashindano ya vijiji vyao, na leo hakuna anayeuita mganda ngoma ya kigeni. Akina mama nao wana kioda yao, yenye mpango na nidhamu yake. Umma haukuuliza jambo limetoka wapi. Uliuliza kama unaweza kulishika, kulichezea na kushindana nalo. Vivyo hivyo Elimo Njau wa Kilimanjaro, mwaka 1959, alipochora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, aliwaweka watu weusi katika nchi ya milima ya Wakikuyu, na picha zile zikawa za mahali pale.

Hoja ya pili inatoka upande wa kushoto, nayo inastahili heshima. Inasema: picha ya mtu mmoja ni sanaa ya mabwanyenye, matajiri wa Ulaya walijichoresha wenyewe, wake zao na mali zao, sisi tunahitaji sanaa ya pamoja, kama vile vinyago vya Wamakonde vya “ujamaa”, ambamo watu wengi hubebana katika gogo moja. Ni kweli kwamba picha ya sura imetumikia majivuno ya matajiri. Lakini kuukataa uso wa mtu kwa sababu hiyo ni kuwaachia matajiri nyuso zote. Siasa ya Ujamaa ilianza na imani kwamba binadamu ni sawa na kwamba kila mmoja anastahili heshima. Heshima haitolewi kwa kundi lisilo na majina. Kijiji ni cha pamoja kwa sababu kimejengwa na fulani na fulani, na anayewaita wote “wananchi” bila kumjua hata mmoja hajawajua wananchi.

Hoja ya tatu ndiyo ya leo: kila kijana ana simu, na simu hupiga picha mia kwa siku; mchoraji wa nini? Jibu ni kwamba picha ya simu na picha ya rangi hufanya kazi tofauti. Ya simu ni ya mwenye simu. Ikiharibika simu, mara nyingi picha nazo hupotea. Ya rangi huchukua siku kadhaa, na kabla haijaanza watu hulazimika kukaa na kuamua: tumchore nani, na kwa nini yeye? Uamuzi huo wa hadhara ndio unaoifanya kuwa jambo la umma. Tena simu si adui wa mchoraji. Picha ndogo ya kitambulisho cha marehemu inaweza kumtosha fundi hodari amrudishe mzee wa watu ukutani.

5. Mafunzo kutoka kwingine

Kada asiridhike na nadharia. Iko mifano ambayo imekwisha jaribiwa.

Mfano wa kwanza ni wa Waswahili wenzetu wa Katanga. Katika miaka ya 1970 miji ya Lubumbashi, Likasi na Kipushi ilikuwa na wachoraji waliouza picha kwa wafanyakazi, watumishi na wafanyabiashara wadogo. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na miongoni mwa picha zake mashuhuri zimo za Patrice Lumumba. Mwaka 1973 na 1974 alizieleza picha zake kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian, na kazi hiyo ikatoka kitabuni mwaka 1996. Picha zake hazikuanzia katika majumba ya maonyesho. Zilianzia sebuleni kwa wafanyakazi, zikiwa chanzo cha mazungumzo: mgeni akiingia, mwenye nyumba humweleza nani huyu na alipatwa na nini. Bei ilikuwa ya mfanyakazi, kitambaa kilikuwa cha gunia, na hadithi ilikuwa yao. Kwa hiyo zilienea.

Mfano wa pili ni wa Huxian, katika jimbo la Shaanxi, China. Wakulima wa huko walichora, na mwaka 1973 picha zao zilionyeshwa Beijing. Mojawapo, ya Liu Zhide, inamwonyesha katibu mzee wa chama wa kijijini akiwa mapumzikoni na kitabu chake, anawasha kiko. Hakuna taji, hakuna jukwaa; mzee tu, mikono yake na kiko chake. Picha hiyo ilichapwa na kuenea nchi nzima. Hata hivyo mfano huu una onyo lake. Wakati ule ilitangazwa kwamba wakulima walichora kwa kipaji chao peke yao, kumbe wachoraji waliosomea kazi walikuwa wamewafundisha. Kufundisha hakukuwa aibu; aibu ilikuwa kuficha. Umma unahitaji walimu wa sanaa, na anayesema kwamba sanaa ya umma hujiotea yenyewe kama magugu anakwepa gharama ya kuilea.

Mfano wa tatu ni wa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika mkoa wetu huu huu wa Ruvuma, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora Dar es Salaam juu ya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Somo la vifaa limo hapo: mtu wa Ruvuma alianzisha mtindo unaojulikana duniani kwa ubao wa bei nafuu na rangi ya kopo. Asije mtu akatuambia kwamba Mbinga haiwezi kuchora mpaka iagize turubai na rangi za Ulaya. Lakini imo pia nusu ya pili ya somo: kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa wageni, mtindo ule ulivutwa zaidi kwa wanyama na ndege. Vifaa vilikuwa vya umma. Soko halikuwa la umma. Anayetaka nusu ya kwanza bila ya pili lazima ampe mchoraji mnunuzi mwingine.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Ni nani atakayechorwa Mbinga? Tutoe mfano mmoja. Wamatengo wana kilimo cha ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba katika miteremko mikali. Wanawake huchimba na kuzifukia kwa udongo, hata katikati yakabaki mashimo yanayozuia maji yasibebe mlima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Japani wameuchunguza mfumo huu tangu miaka ya 1990. Mashimo yamepimwa na kuchorwa ramani. Je, wamechorwa wanawake waliotumia miaka 50 ya maisha yao kuyachimba? Watu hao wanazeeka na kufa. Kila mwaka unaopita huondoka na nyuso ambazo hakuna atakayezirudisha.

Kwa hiyo yapo mambo matano ambayo makada, walimu na wanafunzi wanaweza kuyaanza bila kungoja fungu kutoka juu.

(a) Jina kwanza. Picha yoyote ya sura itakayowekwa mahali pa umma iandikwe jina kamili la aliyechorwa, kijiji chake na kazi yake. Picha isiyo na jina isipokelewe, hata ikiwa nzuri.

(b) Wachague wenyewe. Mkutano wa kijiji, au wanachama wa ushirika wa kahawa, au wavuvi wa mwaloni, wajadili hadharani nani achorwe. Mabishano yatakayotokea ndiyo darasa lenyewe la historia. Asiyetaka kuchorwa, kwa sababu ya imani yake au nyingine yoyote, asilazimishwe.

(c) Kiongozi aliyeko madarakani asichorwe kwa fedha za kijiji. Sharti hili lisipowekwa tangu mwanzo, baada ya miaka miwili tutakuwa na kuta zilizojaa wenyeviti na watendaji, na umma utageuza uso. Amalize kwanza muda wake; wananchi wakimkumbuka, watamtaja.

(d) Aliyechorwa na jirani zake wawe wahakiki wa kwanza. Kabla picha haijatundikwa, iwekwe mbele yao. Wakisema “huyu siye”, mchoraji arudi kazini. Asijitetee kwa mtindo wala kwa cheti cha chuo. Papo hapo, wasimtake mchoraji afute mikunjo ya uso na sugu za mikono, maana sugu hizo ndizo zilizompa mtu haki ya kuwa ukutani.

(e) Ushirika uwe mnunuzi. Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilianza katika miaka ya 1930, na vyama vya msingi vya kahawa vipo mpaka leo. Chama kinachotenga kila msimu fedha za hadibodi moja, makopo machache ya rangi na ujira wa haki wa mchoraji hakitafilisika. Mwandika mabango wa mjini Mbinga, anayechora vichwa vya kinyozi leo, atapata kazi ya kukuza ustadi wake, na wanafunzi wa shule watakaa pembeni yake na vipande vya mkaa wakijifunza.

Hitimisho

Tumeona kwamba picha ya sura haikukosa wapenzi katika umma. Ilikosa kuwa ya umma. Mkoloni aliichukua sura akaacha jina. Ofisi ilitundika majina makubwa peke yake. Soko la watalii likarudia kosa la mkoloni kwa rangi za kupendeza. Njia ya kuieneza sanaa hii, kwa hiyo, haianzi kwa kuwaleta wananchi kwenye picha. Inaanza kwa kuwaweka wananchi ndani ya picha, na kuwapa haki ya kusema kama wamechorwa sawasawa.

Kichwa cha Nduna Songea kinatafutwa ng'ambo, na kutafutwa kwake ni wajibu wa waliokichukua. Kwa nyuso zilizo hai bado, pale mlimani na pale ufukweni, wajibu ni wetu. Ghala la kahawa ambalo ukutani mwake kuna mama mmoja wa ngoro, jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi ambazo mjukuu wake anaweza kuzisoma, litakuwa limefanya zaidi kuipendekeza sanaa hii kuliko semina nyingi. Wajumbe wa mkutano ujao wa kijiji waulizwe swali moja tu kabla ya kufunga: tumchore nani?